Jina moja la akaunti kwa mitandao yote: linachaguliwaje?

Mtega_Mizinga
Habari za jioni wakuu. Kikundi cha warina asali wa Sikonge, Tabora, kinataka kufungua kurasa Instagram, TikTok, X, Telegram na YouTube kwa mpigo, na jina liwe lilelile kote ili mteja asipotee njia. Yaliyopo mezani ni asaliyasikonge, asali_ya_sikonge, asaliyasikonge_tz na asaliyasikongeofficial. Wapo wanaotaka kuongeza na mwaka. Naomba wajuzi mtuambie lipi litakubalika kote, lipi lina kasoro gani, na watu wakijipa majina mtandaoni huwa wanazingatia nini.

kaka_seva
Mkuu, anza na mtandao mbanifu kuliko yote. Huo ni X: mwisho herufi 15, na hupokea herufi, tarakimu na kistari cha chini tu. TikTok inakwenda hadi 24, Instagram 30, YouTube kuanzia 3 hadi 30, Telegram kuanzia 5 hadi 32. Telegram inataka jina lianze na herufi, si tarakimu. Nukta inapita Instagram, TikTok na YouTube, lakini X na Telegram zinaikataa, kwa hiyo jina lenye nukta lazima litakuwa na sura mbili. Ukiyajumlisha yote, jina la kwenda kote lina alama 5 hadi 15, linaanza na herufi, na halina nukta wala kistari cha katikati.

Sasa hesabu ya majina yenu. asaliyasikonge ni 14, linapita. asali_ya_sikonge ni 16, limezidi moja tu na X haitalipokea. Lenye _tz ni 17. Lenye official ni 22, linapita kwingine kote lakini X limekwama. Mkitaka kistari lazima, asali_sikonge ni 13.

Wengi wanakosea mpangilio wa kazi. Wanasajili Instagram kwanza, wanachapisha lebo za chupa, halafu wanakuta jina limeshachukuliwa TikTok. Lijaribuni kote kwanza, siku hiyohiyo, kabla ya kulipa mchapaji hata senti. Na msitegemee kuandika anwani kwenye kivinjari mkaona "ukurasa haupo" mkafurahi: akaunti iliyofungiwa inaweza kuendelea kulishikilia jina. Fomu ya kujisajili ndiyo inayotoa jibu la kweli. Tumieni barua pepe ya kikundi, siyo ya katibu. Katibu akigombana na wenzake ataondoka na kurasa zote.

Jambo jingine ambalo Waswahili hukutana nalo: vichujio vya matusi vimetengenezwa kwa Kiingereza, na baadhi vinatazama mfuatano wa herufi bila kujali neno zima. Jina lenye "mashitaka" au "mshituko" linaweza kukataliwa kwa sababu ya herufi nne zilizo katikati, s-h-i-t, ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Ukikataliwa bila maelezo, kagua hilo kwanza. Hapo "mashtaka" na "mshtuko" zitakuokoa.

Binti wa Pangani
Kaka_seva kamaliza upande wa mitambo. Nijibu swali la watu wanazingatia nini.

Kujipa jina hakukuanza na intaneti. Washairi waliopeleka tungo zao magazetini walitia lakabu, na lakabu ilibeba sifa, mahali au msimamo wa mtunzi. Majina ya mtandaoni ya Kiswahili yanafuata njia hizohizo. Kuna ya mahali: mtu wa fulani, binti wa fulani, kijana wa fulani. Kuna ya kazi: fundi, mkulima, dereva, mama lishe. Kuna ya ukoo: baba au mama na jina la mtoto. Hili la mwisho ni la heshima sana mtaani, lakini mtandaoni linamtangaza mtoto kwa watu usiowajua. Kwa akaunti ya wazi, mimi ningeliacha.

Namba nazo zinasema. 255 na 254 ni misimbo ya simu ya Tanzania na Kenya. 001 ni namba ya kaunti ya Mombasa, na watu wa huko wanaivaa kwa fahari. Tarakimu mbili za mwisho mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa, na hapo pana hatari mbili. Kwanza unampa tapeli kipande cha tarehe yako ya kuzaliwa. Pili, aliyezaliwa 1988 akiweka 88 asishangae akitiliwa shaka na wasomaji wa Ulaya na Marekani: huko Wanazi mamboleo huitumia 88 kama salamu ya Hitler, kwa kuwa H ni herufi ya nane, na 88 inasomeka HH, yaani "Heil Hitler". Wewe hukukusudia hivyo, ila msomaji hajui.

Kwa kikundi chenu, mwaka usiwekwe. Mteja hataukumbuka, atautafuta ukurasa bila mwaka na kuangukia kwa mwingine. Jipimeni hivi: mtu mmoja alitamke jina kwenye simu mara moja tu, mwenzake aliandike. Mkilazimika kusema "kistari cha chini, siyo cha katikati", jina hilo halifai kutangazwa redioni wala gulioni. asaliyasikonge linaandikika kama linavyosikika, ndiyo faida ya Kiswahili.

Ila fikirini mbele. Jina limewafunga kwenye asali na kwenye Sikonge. Mkianza kuuza nta si tabu. Mkianza kununua asali ya Kigoma na kuijaza chupa zilezile, jina litakuwa linamdanganya mteja.

Mtega_Mizinga
Asanteni sana, nimewaelewa. Je, tukishaanza na baadaye tukataka kubadili?

kaka_seva
Inawezekana, kwa masharti. TikTok mara moja kila siku 30. YouTube mara mbili ndani ya siku 14. Reddit jina ulilolichagua halibadiliki kabisa. Lakini gharama yenyewe ni viungo: vyote mlivyosambaza vyenye jina la zamani vinakufa, na X jina mlilolitupa linaweza kuokotwa na mtu mwingine. Akilichukua, kila aliyewataja zamani anakuwa amemtaja yeye.

JichoLaTatu
Niongezee la matapeli, maana kwenye biashara ndilo linaloumiza. Jina lenu lina "l" ndogo. Kwenye X, herufi kubwa huonekana kama mwenye akaunti alivyoziandika, kwa hiyo asaIiyasikonge yenye I kubwa inaonekana sawasawa na yenu, na ni akaunti nyingine kabisa. Instagram majina yote ni herufi ndogo, kwa hiyo tapeli huko hutumia 1 badala ya l, 0 badala ya o, au hubandika kistari mwishoni. Hii ndiyo sababu neno "official" halilindi kitu: yeyote anaweza kuliandika, na tapeli ndiye analipenda zaidi.

Kinga: sajilini wenyewe mawili matatu yanayofanana sana, hasa lenye kistari mwishoni, na yaacheni wazi yakielekeza kwenye ukurasa halisi. Namba ya malipo iandikwe kwenye lebo ya chupa na kwenye wasifu wa kila ukurasa, na iwe moja. Mteja azoeshwe kwamba namba inayotumwa kwa ujumbe wa faragha si yenu.

Mpita_Pwani
Samahani kwa kudandia uzi. Na anayetaka jina la kujificha, si la kujitangaza?

JichoLaTatu
Kanuni zote zinageuka. Jina lisitumike popote pengine, kwa sababu kuna programu huria kama Sherlock inayolitafuta jina moja kwenye mamia ya mitandao kwa mkupuo. Lisiwe na mahali, mwaka, shule wala timu yako. Barua pepe iwe mpya, picha isiwe ile ya WhatsApp. Na usijidanganye kwamba jina bandia linakuficha kwa mwenye mtandao. Yeye anaiona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania, alifikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Kwa hiyo chagua pia nani anakutunzia taarifa zako.

Panapovuja mara nyingi ni namba ya simu. Ukiruhusu programu isome majina ya simu yako, au ukiacha wazi kutafutwa kwa namba, akaunti yako ya siri itapendekezwa kwa jirani na bosi wako. Telegram ingia mipangilio ya faragha, sehemu ya namba ya simu, weka isionwe na yeyote, na chini yake weka anayeweza kukupata kwa namba awe yule uliyemhifadhi tu. TikTok na X nazo zina swichi za kupendekezwa kwa watu wenye namba yako. Zizime kabla hujaandika neno la kwanza.