Tupeane uzoefu: kuwafundisha watoto wa shule uongozi na kuendesha kikao

Mlezi wa Klabu
Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa kulea serikali ya wanafunzi, kidato cha kwanza na cha pili. Nataka watoto hawa wajue kikao hasa: akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali), kufungua, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo (kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita), hoja, kura, kufunga. Wakikaa sasa hivi anaongea mmoja, wengine wanapiga makofi, halafu wanatawanyika bila kuamua kitu. Mliopitia haya, uwe mwalimu au ulikuwa mwanafunzi, mwageni uzoefu wenu.

Kibatari
Nafuatilia kwa karibu.

Mama Wawili
Anza na muda, mwalimu. Kikao cha watoto kisizidi kipindi kimoja, dakika 40. Kikizidi hapo wanaanza kuchorana kwenye madaftari.

Katibu wa Darasa la Sita
Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa katibu wa baraza la wanafunzi nikiwa darasa la sita, shule ya kijijini. Mwalimu wetu wa uraia alitufundisha kwa kutupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukakaa chini ya mwembe kuangalia wakubwa wanavyofanya. Tukarudi tukatunga utaratibu wetu. Ajenda zibandikwe siku mbili kabla. Akidi iwe nusu ya wajumbe. Anayetaka kusema anyooshe mkono, na mwenyekiti ndiye atoe nafasi, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu pia. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichotuponza.

Mwenyekiti alikuwa dada mmoja wa darasa la saba. Mtulivu, sauti yake ya kawaida tu, lakini akisema watu wanamsikiliza. Siku hiyo ajenda ya tatu ilikuwa uji wa saa nne. Wazazi walikuwa wamekwisha kuchanga mahindi, magunia tumeyaona yakishushwa, ila uji ulikuwa unapikwa siku mbili tu kwa wiki. Mwalimu mkuu alialikwa, akakaa nyuma kabisa. Mjumbe wa darasa la nne, mtoto mdogo hata dawati limemzidi, akauliza: "Mahindi yetu yako wapi?" Mwalimu mkuu akasimama na kuanza kumfokea. Dada akamtazama, akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kwetu sote: "Mwalimu, naomba ukae, hujapewa nafasi."

Darasa likanyamaza ji! Mwalimu mkuu akatoka, mlango akaubamiza.

Kesho yake mstarini dada akavuliwa beji mbele ya shule nzima na kuchapwa viboko. Mimi nikaitwa ofisini na daftari la muhtasari. Nilikuwa nimeandika yote, hadi hiyo "naomba ukae". Kurasa zikachanwa mbele yangu. Baraza halikukaa tena mpaka namaliza shule. Yule dada alikuwa kiongozi wa kuzaliwa, na tangu siku ile hakukubali hata kushika chaki amsaidie mwalimu kuandika ubaoni.

Kibatari
Dah.

Mtoto wa Pwani
Nimesoma mara mbili. Na mahindi je, yalipatikana?

Katibu wa Darasa la Sita
Uji ulirudi muhula uliofuata, baada ya wazazi kuuliza wenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Sisi hatukuambiwa chochote.

Mzee wa Kaya
Poleni sana kwa viboko, lakini na mimi niseme. Mtoto hamkalishi mtu mzima. Kuna namna ya kulisema neno hilo hilo: "Shikamoo mwalimu, tunaomba utuvumilie kidogo, mjumbe amalize, tutakupa nafasi." Uongozi bila adabu haufiki mbali. Kabla ya kuwafundisha akidi, wafundishwe kauli.

Hoja Binafsi
Mzee, kwa heshima zote, hapana. Bungeni Spika akisimama, mbunge aliyekuwa anasema anakaa, hata akiwa waziri mwenye mvi kumzidi. Kiti kina heshima yake, na yule dada alikuwa amekalia kiti. Tena alisema "naomba". Aliyekosa adabu ni aliyemfokea mtoto wa darasa la nne kwa kuuliza chakula chake.

Mzee wa Kaya
Shule si Bunge, mwanangu.

Hoja Binafsi
Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 haikubagua shule. Inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kama uji haugusi ustawi wake, ni nini kinachougusa?

Mwalimu Tabora
Wote wawili mna sehemu ya haki. Ila tatizo naliona kwa walimu wenyewe: walimu wengine hawakuambiwa utaratibu mpya. Mlezi, chukua hili. Kabla ya kikao cha kwanza cha watoto, kaa na walimu wenzako, uwasomee kanuni ambazo watoto wamejitungia, na mkuu wa shule atie sahihi. Mimi nafanya hivyo kila mwaka. Mwalimu akialikwa anakaa upande wa waalikwa, ananyoosha mkono kama wengine, na watoto wanajua kumwita "mheshimiwa mwalimu". Hakuna anayeona amevunjiwa heshima, maana amekubali mapema.

Mama Wawili
Hapo kwenye sahihi umenena.

Gredi ya Saba
Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa JSS, yaani sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi 9, iliyoanza Januari 2023. Umri ni huo huo, miaka 12 mpaka 15. Kwa shule za sekondari, baraza la kitaifa la wanafunzi lilianza 2009, na tangu hapo shule nyingi ziliacha maprifekti wa kuteuliwa na walimu zikaingia kwa viongozi wa kuchaguliwa. Kwetu JSS tunaendelea na njia hiyo.

Nimeona watoto huelewa akidi wakisikia ya wakubwa. Nawaambia Katiba yetu inataka wabunge 50 kwa Bunge la Taifa na maseneta 15 kwa Seneti, na wasipotimia kengele inapigwa kuwaita. Basi na wao wana kengele yao. Kijana wa kuipiga ndiye mtu muhimu kuliko mwenyekiti siku hiyo!

Kura ya siri tunatumia mahindi na maharagwe. Mahindi ni ndiyo, maharagwe ni la. Kila mmoja anatumbukiza punje yake kwa kopo lililofunikwa kitambaa, kisha wanahesabu mbele ya wote. Hakuna karatasi, hakuna anayejua mwandiko wa mwenzake.

Mtoto wa Pwani
Hiyo ya mahindi nimeipenda sana.

Monita Mstaafu
Mnazungumzia kura wakati shule nyingi uongozi ni karatasi ya wapiga kelele. Nilikuwa monita miaka minne. Kazi yangu yote ilikuwa kuandika majina, mwalimu akiingia nampa, wenzangu wanachapwa. Nilichukiwa na darasa zima, na hakuna hata siku moja niliyoulizwa darasa letu linahitaji nini. Mlezi, hiyo karatasi ifute kwanza.

Zamu ya Wiki
Bila majina darasa la watoto 90 halitulii. Njoo ufundishe wewe uone.

Monita Mstaafu
Ninafundisha. Wako 104. Wamejitungia kanuni, na anayevunja anajieleza mbele ya wenzake Ijumaa. Wanaogopa hilo kuliko fimbo.

Zamu ya Wiki
Haya, hongera. Kwangu haijawahi kutokea.

Kibatari
Dawa ni kumpa mpiga kelele mkuu uenyekiti. Atatulia mwenyewe.

Mwalimu Tabora
Kibatari, shule ya jirani walifanya hivyo. Akatulia yeye, akakataza na wengine wasikohoe.

Mzee Jembe
Wanangu, mimi nilisoma kipindi cha Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipoitoa Machi 1967, alisema wazi wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule. Kwetu lilikuwa la pamba. Baada ya kuuza, mwalimu alituita, akaweka hesabu ubaoni: kiasi hiki mbegu za mwakani, kilichobaki mnaamua nyie. Darasa la tano walitaka mpira na jezi, la saba walitaka bati la darasa lililokuwa linavuja. Tulibishana mpaka jua likazama. Wa jezi wakashinda kwa kura chache. Mvua ikaja, tukalowa. Mwalimu hakutucheka wala hakununua bati kwa siri. Mwaka uliofuata, ajenda ya kwanza ilikuwa bati, na aliyeitoa ni kijana yule yule wa jezi.

Mpeni mtoto kitu cha kweli cha kuamua. Akiamua, msikipindue usiku.

Zamu ya Wiki
Mzee, nakuheshimu, lakini fedha usimpe mtoto. Siku hizi ni kesi.

Mzee Jembe
Fedha alishika mwalimu. Uamuzi tulishika sisi.

Hoja Binafsi
Hapo hapo, mzee. Mara nyingi wanapewa kujadili rangi ya mapazia, halafu tunashangaa hawajali.

Binti Kijana
Naomba niongeze moja ambalo limepita kimya. Angalieni nani anakuwa katibu. Kila shule niliyopita mwenyekiti mvulana, katibu msichana "kwa sababu ana mwandiko mzuri". Zungusheni viti kila mwezi. Na msiwalazimishe kidato cha kwanza kuendesha kikao kwa Kiingereza. Anatafuta neno mpaka hoja inamtoka. Waongee Kiswahili, Kiingereza kina mdahalo wake.

Zamu ya Wiki
Na mtihani wataandika kwa Kiswahili?

Binti Kijana
Kikao si mtihani, mwalimu.

Mwalimu Tabora
Mlezi, kuhusu muhtasari: usiwaache waandike kila neno lililosemwa, watachoka. Wafundishe waliohudhuria, waliotoa udhuru, kisha chini ya kila ajenda waandike kilichoamuliwa, nani atekeleze, na lini. Nguvu iko kwenye yatokanayo. Kikao kijacho kikianza kwa kumuuliza aliyepewa kazi "umefikia wapi?", mtoto anajifunza kuwajibika bila hotuba. Na mengineyo iwekewe kikomo, la sivyo itameza kikao kizima.

Mlezi wa Klabu
Nashukuru sana, wakuu. Kesho naanza na walimu wenzangu na hiyo sahihi, halafu nakwenda kuomba watoto wapewe uamuzi wa ratiba ya michezo ya muhula huu. Gredi ya Saba, swali: asiyetaka upande wowote anatumbukiza nini?

Gredi ya Saba
Hatumbukizi kitu, lakini ni lazima aingize mkono kwa kopo kama wengine, ili asijulikane. Mwishoni katibu anatoa jumla ya punje kutoka kwa idadi ya waliohudhuria, hiyo tofauti anaiandika. Na hesabuni watu kabla ya kura, si baada.

Mtoto wa Pwani
Na maharagwe yakusanywe yote. Kwetu watoto wangeyapeleka jikoni.