Mnaokusanya michango ya safari za baiskeli na kambi, hivi mnatuonaje?

Wakuu, heshima mbele.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa picha za safari yetu ya baiskeli ya Saba Saba, Dar hadi Lushoto. Ule ni wa kusifiana, huu ni wa malalamiko. Jina la kikundi sitaji. Waliokuwepo wanakijua, na waratibu wenyewe wamo humu wanasoma, wengine wana ID tatu tatu.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Hela imeliwa, mwili umepona, yameisha. Ila jana nimeona wametoa bango jipya, safari ya Desemba, na namba ya kutuma mchango ni ile ile. Hapo nikasema hapana.

Bango la Julai lilisema hivi: Dar hadi Lushoto kwa baiskeli, siku tatu, kambi mbili njiani na moja mlimani, "kila mtu anaweza". Shilingi 180,000 kwa kichwa. Ndani yake kuna hema, chakula, maji, fundi, gari la kusindikiza, usafiri wa kurudi na fulana. Katika hivyo vyote, kilichofika kwa wakati na kwa idadi kamili ni fulana.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo nachoka kabisa. Siku ya kwanza ni Mwenge, Bagamoyo, Msata, kama kilomita 125. Njia yenyewe siilaumu. Anayepita Bagamoyo ili akwepe malori ya Barabara ya Morogoro mpaka Chalinze ametumia akili. Siku ya pili Msata hadi Korogwe, unavuka Wami, unapita Mkata, Kabuku, Segera, karibu kilomita 150. Siku ya tatu Korogwe hadi Lushoto, kilomita 74, na pembeni wameandika "siku nyepesi".

Nyepesi! Aliyeandika hilo neno hajawahi kupanda Mombo–Lushoto hata kwa Noah.

Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama 1,400. Unapandishwa takribani mita elfu moja ndani ya kilomita 33, na sehemu kubwa ya mpando unaimaliza kabla hata hujaiona Soni. Barabara ni ya lami, sawa, lakini ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo. Mwenye baiskeli nyepesi anayezunguka Masaki kila Jumapili asubuhi atapanda huku anapiga stori. Mwalimu mwenye baiskeli ya mtumba, aliyefunga hema na sufuria kwenye keria, anakwenda kilomita saba au nane kwa saa, na hapo hajapumzika. Gawanya mwenyewe 33 kwa nane. Tena ana kilomita 275 za siku mbili miguuni, na kila siku amelala chini.

Sasa sikieni. Siku hiyo tulitoka Korogwe saa nne asubuhi. Saa nne! Kwa nini? Chai ilikuwa haijaagizwa popote, na mratibu alikuwa anasubiri betri za droni zijae. Korogwe mpaka Mombo ni tambarare, mashamba ya mkonge kulia na kushoto, jua la utosi, kivuli hakuna. Kilomita arobaini hivi, ila kwa kusubiriana na kutengeneza pancha tukaondoka Mombo saa tisa alasiri. Julai jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na ukiwa ndani ya milima unalikosa mapema zaidi. Kwa hiyo kabla mtu hajakanyaga pedeli ilishajulikana kwamba wa nyuma wataingia gizani. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo.

Na gari la kusindikiza lilikuwa wapi? Mbele. Na watu wenye kasi. Linapiga picha.

Nyuma tulibaki wachache: mama mmoja wa makamo ambaye ni mwalimu, kijana wa chuo mwenye baiskeli isiyo na gia hata moja, wengine wawili, na mimi niliyekataa kuwaacha. Taa hazikuwemo kwenye orodha ya vitu vya kubeba, kwa hiyo mwanga ulikuwa wa simu. Jioni ndiyo saa ambayo mafuso ya mboga yanashuka kutoka Lushoto, karoti na kabichi zinawahi masoko ya Dar alfajiri. Fuso likishuka kwenye zile kona halikusubiri wewe uliyeshika simu kwa meno. Ninampigia mratibu, simu haipatikani. Nampigia dereva wa gari letu, ananijibu ameambiwa asirudi nyuma mpaka "wa mbele wapate picha za kuwasili".

Aliyetuokoa ni kijana wa pikapu aliyebeba majani ya ng'ombe. Akatupakia juu ya majani na baiskeli zetu, akatutoza elfu tano kila mmoja, halali yake kabisa, na hiyo elfu tano hakuna aliyerudishiwa mpaka leo. Tumefika kambini, kitu cha kwanza tulichoambiwa ni kwamba tumechelewesha chakula.

Wakuu, msafara wowote unaojiheshimu una mtu wa mwisho. Mtu huyo hachaguliwi kwa sababu ni mzito, anachaguliwa kwa sababu anajua ufundi. Ana pampu, ana simu yenye chaji, na hampiti mtu yeyote hata kama mtu huyo anasukuma baiskeli kwa mguu. Gari linakaa nyuma yake. Urefu wa siku unapangwa kwa kasi ya huyo anayesukuma, siyo ya yule mwenye suruali ya kubana. Wenye kasi hawaumii wakifika mapema, watapata muda wa kunywa chai.

Nije kwenye fundi. Fundi alikuwepo, kijana mzuri, mchapakazi, simlaumu kwa lolote. Alipewa boksi la tyubu za inchi 26 peke yake. Kwenye msafara kulikuwa na rimu za 26, za 27.5, za 29, na zile nyembamba za 700. Kuna valvu nene kama za pikipiki, kuna valvu nyembamba, na pampu aliyopewa ilikuwa ya valvu nene tu. Mwenye 27.5 alisaidiwa, tyubu ya 26 ukiilazimisha inaingia na utafika nayo. Mwenye 29 alikaa chini ya mti njia ya Kabuku mpaka solusheni ikauke kwenye kiraka cha tatu. Mafundi wa barabarani kule ni hodari kuliko wengi wa mjini, lakini wana vitu vya baiskeli za kule, yaani Phoenix na wenzake, tairi za 28 na 26. Ukimletea rimu ya 29 atakuangalia kwa huruma. Hili lilikuwa linahitaji swali moja tu kwenye kundi la WhatsApp wiki mbili kabla: rimu yako saizi gani, valvu yako ya aina gani? Badala yake tuliulizwa saizi ya fulana.

Na maji. Kwenye jua lile mpanda baiskeli anataka nusu lita mpaka lita nzima kwa saa. Saa saba barabarani, piga hesabu kwa kila kichwa. Tuligawiwa chupa moja moja asubuhi, "mengine yapo kwenye gari". Gari nimeshawaambia lilikuwa wapi.

Kambi ya Msata ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote. Tumeingia uwanja wa shule jua linazama, tunaanza kusimamisha mahema, mara wanakuja mgambo na mwenyekiti wa kitongoji wanauliza sisi ni nani. Na wana haki! Kundi la watu wasiojulikana, usiku, kwenye eneo la shule ya watoto. Hakuna barua kwa mtendaji, hakuna simu kwa mwalimu mkuu, hakuna chochote. Mratibu anajibu kwa ukali eti "sisi ni watalii wa ndani". Yule mama mwalimu ndiye aliyekwenda kuomba radhi kwa lugha ya kiutu uzima, tukaruhusiwa, tukaandikwa majina. Vijijini kwetu mgeni anaripoti, hii siyo habari mpya. Ukipiga simu siku tatu kabla utapewa uwanja, utaonyeshwa bomba, na huenda ukapikiwa.

Vyoo sasa. Dada mmoja aliuliza mapema kabisa kwenye kundi: wanawake tutajisaidia wapi njiani na kambini? Akajibiwa kwa vikatuni vya kucheka. Basi dada zetu wakawa hawanywi maji mchana ili wasihitaji choo, kwenye jua nililolieleza hapo juu. Nani angejibu kama mmoja angeanguka?

Mahema yalikuwa pungufu, na yaliyokuwepo ni yale ya kuchezea watoto ufukweni, kitambaa kimoja, hakuna turubai la juu. Kwa Msata na Korogwe utavumilia. Lushoto mwezi wa saba ni baridi ya koti na soksi, na umande ule unaloweka hema kama limemwagiwa ndoo. Watu wameamka wamelowa, wengine wamekesha jikoni kwa mama mpishi. Msitu ule wa Magamba tulioahidiwa kulala ndani yake tuliuona kwa mbali, kwa sababu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Misitu (TFS), unalipiwa na unaombewa kibali, na hakuna aliyeomba.

Kurudi nitasema kwa ufupi, maana nikirefusha nitatukana. Basi halikuwa limeandaliwa. Kila mtu alipambana na konda kivyake, baiskeli inalipiwa kama mzigo, pedeli hazijafunguliwa, zimerundikwa kwenye buti chini ya magunia. Yangu imefika kihamisha gia cha nyuma kimepinda.

Haya, hela. Tuliuliza matumizi kwa adabu, tukaambiwa "jamani sisi ni marafiki, tunajitolea". Tulipouliza kwa nini marafiki wachaji 180,000 kwa huduma zisizokuwepo, tukaambiwa "huduma ina gharama, kuna usumbufu wa uandaaji". Chagueni moja. Kama ni marafiki tunachangiana, wekeni risiti kwenye kundi: mafuta kiasi gani, dereva kiasi gani, mahema yalikodiwa wapi, kilichobaki kiko wapi. Kama ni biashara, basi ni biashara ya utalii, ina Sheria yake ya mwaka 2008 na ina leseni inaitwa TALA, mtuonyeshe yenu. Hamuwezi kuwa marafiki siku ya kudaiwa hesabu halafu kampuni siku ya kupokea miamala.

Kitu kimoja kilitubeba kweli, upepo. Julai ni kusi, ukielekea kaskazini unakusukuma mgongoni. Wazee wa majahazi walipanga safari za mwaka mzima kwa kusi na kaskazi. Hawa wetu walifuata sikukuu na bahati ikawaangukia. Sasa tazameni bango jipya: Dar hadi Pangani, Desemba. Desemba ni kaskazi, upepo utakuwa usoni njia nzima, na mvua za vuli huenda bado hazijakatika. Halafu njia waliyochora inatoka Bagamoyo inapita Saadani. Bango halijataja neno Saadani hata mara moja! Ile ni hifadhi ya taifa, kuna simba na tembo mle. Je, TANAPA wameulizwa kama kundi la baiskeli linaruhusiwa kukatiza, kwa utaratibu gani na kwa ada ipi? Gari la kubebea watu na baiskeli kwenye kipande hicho lipo, au nalo litatangulia kwenda kupiga picha?

Ninachotaka ni hiki. Risiti za Julai ziwekwe kwenye kundi kabla ya Ijumaa. Waliokosa mahema warudishiwe hela ya mahema. Sisi watano wa pikapu turudishiwe nauli yetu. Na mchango wa Desemba usipokelewe hata shilingi mpaka watoe ratiba yenye saa za kuondoka, mahali pa maji, jina la mtu wa mwisho na majibu ya TANAPA. Ijumaa ikipita nitaweka hapa picha za miamala yote niliyonayo, nitaficha namba za wanachama, za waliopokea sifichi.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Naona povu limeanza. Anayesema "si ungeandaa wewe", mkuu, mimi sikuchukua hela ya mtu. Anayesema baiskeli ni ya wagumu, bango liliandika kila mtu anaweza, kajadiliane na aliyeandika.

Aliyeuliza ningeigawaje safari ya Lushoto: lala Bagamoyo, lala Msata, lala Mkata, lala Korogwe, halafu siku ya mlima toka Korogwe saa kumi na mbili kamili asubuhi uwe Mombo kabla ya saa tatu. Ukiona watu wamechoka, lala Mombo, mpande kesho yake alfajiri kukiwa na baridi. Ni siku tano au sita, na ndiyo maana haipendezi kwenye bango.

Dada uliyenitumia ujumbe PM kuhusu hela yako ya Desemba, umeituma juzi tu, idai leo hii kwa maandishi kwenye kundi, siyo kwa simu. Na wewe wa rimu za 29, tyubu tafuta Kariakoo, chukua mbili na pampu inayoingia valvu zote mbili.