Naombeni ushauri, mama ana kilo 118 na goti limesagika
Wakuu habari zenu, mama yangu ana miaka 63, urefu sentimita 160 na kilo 118, goti la kulia limekwisha kabisa, eksirei inaonyesha mfupa unagusana na mfupa, usiku halali na hata chooni lazima ashikwe mkono. Daktari kasema dawa ni kuwekewa goti bandia ila kwanza BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ishuke kutoka 46 iwe chini ya 40, yaani afike kama kilo 102, maana mtu mwenye mwili mkubwa kidonda kinachelewa kupona na goti bandia likiingia wadudu ni kufunguliwa upya, halafu mama ana sukari juu yake.

Nimemuelewa, lakini mtu asiyeweza kutembea atatoa vipi kilo 16? Na nimesoma kwamba hata wanene wakifanyiwa upasuaji huo, maumivu yanapungua vizuri tu, sasa ndo nachanganyikiwa, tusubiri au twende kwa daktari mwingine? Ugali kaupunguza, soda kaacha, kilo 3 zimeshatoka, namsifia kila siku.

Aliyeuguza mzazi mnene akabadilishiwa goti, alipungua vipi na alianza kutembea baada ya muda gani? Mama anaogopa sana kisu jamani, na mimi naogopa kumpoteza.