Kozi ya Opera Dar, QloApps nyumbani, au nijitolee lodge? Nataka kujua mifumo ya hoteli, niko Bagamoyo

Mwana_Dunda
Wakuu salaam. Nataka kujifunza mifumo ya kompyuta ya hotelini. Nimepata njia tatu: kozi fupi ya Opera, programu ya kuendesha hoteli, kule Dar, wanatoa na cheti, kupakua QloApps, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, niihangaikie mwenyewe nyumbani, au nikajitolee lodge moja hapa hapa, wanifundishe mfumo wa kwao. Ipi bora? Naomba majibu ya haraka.

Mzee_wa_Zamu
Bora kwa nani? Unatafuta ajira au una nyumba ya wageni yako? Umesoma nini? Laptop unayo? Hoteli unazozilenga ni za vyumba vingapi? Swali umeleta kichwa tu, kiwiliwili umekiacha Dunda.

Chumvi_Kaole
Opera, tufunge mjadala. Ukoo wake ni Fidelio, programu ya Wajerumani, kampuni ya Micros wakaichukua, na 2014 Oracle wakainunua Micros yenyewe. Hoteli kubwa za kimataifa ndiyo wanayoitumia. Ukiijua hiyo, nyingine unazielewa kwa siku mbili.

Bi_Mapokezi
Chumvi kaka yangu, hapa Bagamoyo ni lodge ngapi zina Opera? Wengi wako kwenye mifumo ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi, na wengine bado ni Excel na kaunta buku. Mimi nasema QloApps, haina malipo. Tengeneza vyumba kumi vya uongo, panga bei, pokea mgeni, mwongezee siku, mhamishe chumba, futa bukingi ya mwingine. Ukifanya hivyo mpaka mkono uzoee, hakuna msaili atakayekubabaisha.

Mzee_wa_Zamu
Kubonyeza si kazi. Hoteli moja niliyofanyia kazi, jina naliacha, tulipokea semina. LPO, yaani hati ya oda, ya taasisi inasema chumba, chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Vingine kila mtu ajilipie. Hapo kila mgeni unamfungulia bili mbili, moja inaenda kwa taasisi, nyingine inabaki yake. Kijana wa mapokezi, mwenye cheti chake kabisa, aliingiza majina vizuri ila bili hakuzigawa. Baa wao wanauliza namba ya chumba tu. Mtu akisema 14, bia inaingia 14, na ya 14 yote inakwenda kwa taasisi.

Usiku umeme ukakatika, jenereta likagoma, kijana akalala bila kufunga siku, yaani kufunga hesabu za siku hiyo kwenye mfumo. Mfumo ule tarehe haibadiliki yenyewe saa sita usiku, inasogea pale unapofunga siku. Kwa hiyo chai ya Ijumaa ikaandikwa Alhamisi, wakati risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zinasoma Ijumaa. Siku ya kuondoka mhasibu wao akashusha kidole mstari mmoja mmoja: “Bia nne saa tano usiku, hii ndiyo chai ya asubuhi?” Washiriki walishapanda gari zamani. Tukakatwa mishahara zamu nzima, na mimi ambaye usiku ule nilikuwa off!

Kwa hiyo lodge kwanza, na uombe zamu ya usiku. Kufunga siku na kugawa bili huwezi kujifunza kwa vyumba vya uongo.

Chumvi_Kaole
Kosa ni la baa. Mgeni hajasaini, bia haiendi chumbani.

Bi_Mapokezi
Kosa la meneja! LPO aliisoma nani? Mapokezi tulipewa nakala? Siku zote mshahara unaokatwa ni wa mdogo.

Chumvi_Kaole
Meneja ndiye akasimame kaunta saa tano usiku?

Kijana_Magomeni
Tusitoke nje ya mada. Kujitolea huku kwetu maana yake ni kubeba mabegi na kufagia ufukwe, nenosiri la mfumo hupewi ng'o. Kama ni lazima, muandikiane muda na utafundishwa nini. Au asome mapokezi kwa ukamilifu, Chuo cha Taifa cha Utalii wana kampasi ya Bustani mjini Dar. Ila kwenda na kurudi kila siku kwa magari ya stendi ya Makumbusho, foleni ya Tegeta itammaliza.

Bi_Mapokezi
Apange chumba Bunju.

Kijana_Magomeni
Kodi ya Bunju unaijua wewe?

Mwana_Dunda
Asanteni wote. Natafuta ajira. Nina kidato cha nne, Excel kidogo, laptop ni ya kaka. Sikusema tu, nimeitwa usaili Jumatano.

Mzee_wa_Zamu
Jumatano HII? Na sisi tunakupangia chuo! Hao wanatumia mfumo gani?

Mwana_Dunda
Sijauliza. Naona watajua sijui kitu.

Bi_Mapokezi
Mdogo wangu, piga simu leo, uliza kwa adabu. Ukishajua jina, tafuta video za mafunzo yake, ujue angalau mgeni anapokelewa wapi na bili inafungwa wapi.

Chumvi_Kaole
Itakuwa Opera.

Mzee_wa_Zamu
Kwa lodge ya Bagamoyo? Haya.

Vyumba_Sita
Samahani kuingilia. Nina kalodge kangu, EFD niliyonayo ni ile ndogo ya mkononi. Naweza kuiunganisha na laptop ili bili ya mfumo na risiti zitoke pamoja?

Kijana_Magomeni
Ile inajitegemea mkuu. Unayoitaka ni printa ya EFD, hiyo ndiyo inayokaa na kompyuta. Ongea na wakala aliyekuuzia.

Vyumba_Sita
Wakala hapokei simu tangu wiki iliyopita.

Chumvi_Kaole
Fungua uzi wako, hapa tunamsaidia kijana.