Tupeane uzoefu: shoo za muziki Lamu na Malindi kabla masika hayajaingia

MwanaMkomani

Assalamu aleikum waungwana. Kaskazi inamalizikia, masika yako njiani, na kila ukuta kuanzia Malindi mjini hadi gatini Amu, yaani Lamu, umebandikwa karatasi ya shoo. Hoteli moja imeleta bendi kutoka Mombasa, nyingine ina muziki wa bango, huku kwetu ngomeni ni udi, ile ala ya nyuzi, na mashairi. Wageni wa Ulaya wakishaondoka na mvua ya Aprili ikianza kumwaga, shoo za kulipia hukatika. Na miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia humu humu, nafasi ndiyo inazidi kubanwa: ama uwahi kabla ya mfungo, ama ungoje Idi.

Sitaki tangazo la mtu hapa. Namtaka aliyekwenda, aliyepiga, au hata aliyebeba spika. Ilikuwaje?

Naanza mimi. Usiku ulionikaa moyoni ni wa udi ndani ya ngome. Ngome yenyewe ilimalizika mwaka 1821, na hadi 1984 ilikuwa jela. Wako watu mjini wanaikumbuka kwa habari nyingine kabisa, si muziki. Karatasi ilisema saa mbili usiku. Saa tatu na nusu mpigaji bado anakaza nyuzi, maana upepo wa bahari ulikuwa na unyevu na kila akipanga uzi mmoja mwingine unalegea. Hakuna aliyenung'unika. Nyuma yangu walikaa wazee watatu na kahawa yao, wakabishana muda wote huo kama kijana huyu anafuata mkono wa mpiga udi Zein l'Abdin au amejichanganya na wa Wamisri. Kwa Amu hilo si jambo dogo: Zein ni mzaliwa wa hapa hapa, ingawa jina alilipatia Mombasa na huko ndiko alikofanyia kazi hadi alipofariki mwaka 2016. Kijana alipoanza, mzee mmoja akasema "ah", akaweka kikombe chini, na ubishi ukaisha. Sikuambiwa nani alishinda.

Kinanda wa Malindi

Mimi ni wa upande wa pili, wa kupiga. Nimekula kinanda mahotelini miaka mingi. Msimu wetu ni Desemba hadi Machi, na mgeni wa Malindi ni Mwitaliano, basi usipojua nyimbo zao tatu nne huitwi tena. Kitaliano cha kuombea chakula nilikipata jikoni kwa wapishi, lakini nyimbo naziimba kwa sikio tu. Kuna mama mmoja wa Milano alilia machozi nikiimba. Hadi leo sijui nilimwambia nini.

Halafu lazima upige "Jambo Bwana", ule wimbo wa bendi ya Them Mushrooms wa kuamkia wageni, uliovuma tangu miaka ya 1980. Upige mara mbili: chakula kinapoingia na chakula kinapotoka. Sisi wenyewe tumeuchoka hadi kwenye mifupa, ila mgeni ndio kwanza anausikia.

Machi ikifika ukingoni, meneja anaanza kupunguza. Bendi ya watu watano inakuwa ya watatu, mpiga ngoma anapewa mkono wa kwaheri na mashine inashika nafasi yake. Hoteli moja, jina naliweka mfukoni, ilitulipa nusu, na nusu ya pili tukaambiwa tuifuate Julai ikifunguliwa. Julai tukakuta meneja mpya na daftari jipya.

Sasa anayetaka kutusikia tukipiga kweli asije hotelini. Asubiri hoteli zifunge. Aprili wanamuziki wote hawana kazi, na tunakusanyika huku mitaani, Maweni, Kisumu Ndogo, popote penye umeme na mwenye ukumbi asiyeogopa hasara. Hapo ndipo unapolisikia bango lenyewe, mtindo alioanzisha Mzee Ngala wa Mombasa: saksofoni mbele, gitaa linatembea polepole, maneno ya Kiswahili yanaingiliana na ya Kimijikenda, na waliokaa wote wamevaa vizuri kwa sababu bango halitaki fujo. Kiingilio ni soda yako. Harusi na matanga ndiyo yanayolilisha bango, wala si watalii.

Mla Halua

Mbona hamtaji shoo kubwa kuliko zote Amu, na ni ya bure? Maulidi ya Riyadha!

Bibi wa Langoni

Huyo wa halua atajibiwa na wenyewe. Mimi naleta la wanawake, maana nyote mnaandika utadhani muziki wa Amu uko barabarani tu.

Uko ndani. Wiki za harusi, na hizo nazo husongamana kabla ya mfungo, ukipita vichochoroni baada ya Isha utasikia vugo: pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, wanawake wamesimama safu, sauti moja inatoa na safu inapokea. Mwanamume atalisikia likipita barabarani na hapo ndio mwisho wake. Tarabu ya ndani ni habari nyingine tena. Simu zinabaki mlangoni, kwenye kikapu, na aliyekikalia ni shangazi asiyecheka. Mabuibui yanavuliwa, na hapo ndipo unapojua nani amevaa nini na ameshonewa wapi. Chetezo kinazunguka, unakipitisha chini ya gauni hadi moshi wa udi utokee shingoni, asumini na vikuba ndivyo usiseme.

Tena kutunza. Hapa wageni wa bara hawaelewi hata tukiwaeleza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti wa mafumbo, mwanamke anainuka na noti yake mkononi. Haendi mbio. Anacheza mwendo mdogo mdogo, anapita mbele ya meza ile ambayo anataka ijue, ndipo anafika kwa mwimbaji. Noti yenyewe inaweza kuwa ya shilingi mia. Kilichosemwa ni ile njia aliyopitia. Nimeshuhudia wawili wakijibizana hivyo kwa nyimbo mfululizo, mmoja akirudi kwenye kiti mwingine anainuka, hakuna aliyefungua mdomo, na asubuhi mji mzima ulishajua wamegombana. Mwimbaji alikwenda zake na mkoba umejaa.

Hakuna karatasi ya ukutani ya shughuli hiyo. Unaalikwa, au una shoga aliyealikwa.

Ustadhi

Mla Halua, kwa heshima zote: Maulidi si shoo. Msikiti wa Riyadha ni wa Habib Swaleh, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuja hapa kutoka Ngazija akafundisha watu ambao hakuna aliyekuwa akiwafundisha. Matari yapo, qaswida zipo, vijana wanayumba safu moja na sauti zinapanda hadi nywele zisimame, hilo sikatai. Lakini ni ibada na mapenzi ya Mtume, wala hakuna mtumbuizaji na mtumbuizwa. Tena hayaji msimu huu. Ni Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, na mwezi wetu unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya ukutani, kwa hiyo mwenye kupanga safari amuulize mtu wa Amu, asitegemee tarehe ya mwaka jana. Mtu anakaribishwa hata kama si Mwislamu. Avae vizuri, aombe ruhusa kabla hajaelekeza simu usoni pa mtu.

Mla Halua

Nimekubali Ustadhi, nafuta neno shoo. Halua yake ile sifuti.

Hamali Mstaafu

Nyinyi mwasikiliza, sisi twabeba.

Mwaka mmoja tuliletewa mitambo ya bendi kutoka Mombasa. Lori likashusha Mokowe, maana barabara yaishia pale, kuja Amu ni boti. Spika mbili ndefu kumshinda mtu, zimefungwa turubai na kamba, mwenye mitambo amezikumbatia njia nzima na macho ameyafumba. Shoo yenyewe ilikuwa Shela. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu kwa kandokando ya maji, na siku ile ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa. Bamvua hujaa alasiri. Maji yakajaa hadi yakagonga kuta, hapana pa kupitisha punda wala mkokoteni. Tukamwambia mwenye shoo angoje yapwe. Hataki, tiketi ashauza. Basi boti ikaenda moja kwa moja mbele ya hoteli, sisi tukashuka maji ya kifua, spika juu ya vichwa, na yeye juu gatini akipiga kelele "taratibu, taratibu", kana kwamba tulikuwa na njia ya kwenda haraka.

Walipojaribu besi, punda wa jirani akakata kamba, akaonekana saa ya Magharibi upande wa makaburini.

Faida kwa mnaokwenda shoo za Shela: bamvua ikijaa alasiri, saa nne saa tano usiku maji yashapwa, kwa hiyo kurudi mjini waweza kwenda zako kwa miguu kwenye mchanga, mradi uwe na wenzako na tochi. Boti za usiku zina bei yake, na mwenye boti akishaona viatu vyako vya kumeremeta bei yapanda. Patana wakati wa kwenda, mwambie akungoje, ulipe nusu. Tazameni mwezi kabla ya kutazama karatasi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio bamvua.

Amu hadi Texas

Salamu kutoka Austin. Huku Machi ndio mwezi wa wazimu. Tamasha la South by Southwest lilianza mwaka 1987, na likiingia mji unafurika wapigaji: baa, maduka ya vitabu, nyua za nyuma za mikahawa, kila penye soketi ya umeme pana bendi. Nilichoshindwa kuzoea ni saa. Wakiandika saa mbili na dakika kumi, basi saa mbili na dakika kumi gitaa limelia, na baada ya dakika arubaini wanafungasha, bendi nyingine imeshasimama pembeni na ngoma zake. Hakuna kusema hadhira imekolea, ongeza kidogo.

Mara ya kwanza nilifika kwa saa za kwetu. Nikakuta wanakunja nyaya.

Ila wanamuziki wa huku nao wanalia kilio cha Kinanda wa Malindi: wengi hupiga kwa malipo madogo mno wakitarajia kuonekana, hoteli zinapandisha bei wiki hiyo, na wenyeji wengi hukimbia mji.

Kayamba la Ganda

Naona Malindi imeishia mahotelini na bango. Wagiriama tuko. Kayamba la matete lenye mbegu ndani, watu kumi wakilitikisa kwa pamoja, halihitaji spika ya huyo mzee wala boti. Mahotelini hutuita tucheze robo saa wakati wageni wanakunywa, tumefungwa vitambaa ambavyo nyumbani hatuvai hivyo, na anayetutangaza anatamka jina la ngoma vibaya. Tunakwenda kwa sababu ya ada ya watoto. Anayetaka kutuona tukicheza kwa ajili yetu aje Agosti, kwenye kumbukumbu za Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza watu kuwakatalia Waingereza mwaka 1913. Hapo ngoma inaanza asubuhi, na wazee ndio wanaoamua inaisha lini.

Kinanda wa Malindi

Kayamba, hiyo robo saa naijua, mimi ndiye ninayepangwa baada yenu. Tangazo si mimi ninayelisoma, Mungu shahidi.

Mgeni wa Nairobi

Asanteni, nimesoma yote. Nitakuwa Malindi na mke wangu wikendi ya shoo ya udi. Nikipanda basi la mchana nitawahi Amu usiku huo? Na hiyo tarabu ya ndani, naye anaweza kuingia?

Hamali Mstaafu

La mchana usilipande. Panda la asubuhi, lapita Garsen na Witu, kuna vizuizi vya polisi njiani, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Lengo lako uwe Mokowe na jua bado liko juu, upande boti ya abiria pamoja na watu. Ukifika giza utapanda ya kukodi peke yako, na bei utaijua.

Bibi wa Langoni

Mkeo anaweza, kuna arusi Langoni wiki hiyo hiyo na nitamwombea mwaliko. Aje na dera au gauni refu la maana, noti ndogo ndogo za kutunzia, na simu aiache nyumbani kabisa. Wewe nenda ngomeni ukasikilize udi. Usije kumngoja mlangoni, hatutoki kabla ya saa nane.