Mrejesho: Revolva ya .38 iliyokuwa inajaza madini ya risasi kwenye mtutu

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu revolva yangu ya .38 Special (aina ya risasi inayotumia) huku Texas, vichwa vya risasi vya kusubu (vya madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) nilivyonunua, vya inchi .357, vilikuwa vinaacha madini kibao kwenye mtutu na shabaha inatawanyika hovyo.

Ushauri wa kununua vigumu zaidi niliujaribu kwanza, haukusaidia kitu. Ndo nikamsikiliza yule mkuu aliyesema pima silinda (ile sehemu inayozunguka yenye vyumba vya risasi) kwanza, nikaenda kwa fundi bunduki akasukuma kipande cha madini laini ya risasi mtutuni kupata upana wa ndani, maikromita (kifaa cha kupimia unene) ikasoma .357, ila vyumba vya silinda kwa mbele vyote sita ni .358. Kumbe kichwa kilikuwa kinapwaya mle ndani, gesi ya moto inapenya pembeni inakilamba!

Nikachukua vya .358 laini kidogo, nimepiga 50 nikachungulia na tochi, mifuo (ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu) inang'aa hadi mdomoni, na kwa yadi 15 tano zinafunikwa na kiganja. Bado kuna utando mwembamba pale mtutu unapoanzia, huo sijaumaliza, nausugua tu kwa brashi ya shaba.

Asanteni sana wakuu, mmeniokolea hela.