Runinga ya inchi 43: kuna haja gani ya 4K kama unatazama mpira kwenye king'amuzi?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nimezunguka Kariakoo kutwa nzima nikitafuta runinga ya sebuleni, nikarudi mikono mitupu kwa hiari yangu. Zimebaki mbili kichwani. Zote inchi 43, zote mpya, bei zinapishana kidogo. Moja ni Full HD, nyingine 4K. Muuzaji alinikatisha kabla sijamaliza kuuliza: "Chukua 4K, hiyo nyingine imepitwa na wakati." Na kila ninayemuuliza mtaani ananiambia hivyohivyo. Mimi nakataa, na naomba mnipinge kwa hoja.

Full HD ina nukta za picha (pikseli) 1920 kwa 1080, kama milioni 2. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Ni mara nne, na hesabu ya muuzaji inaishia hapo. Haulizi utakaa umbali gani. Inchi 43 hupimwa kona hadi kona, kwa hiyo upana wa kioo ni kama sentimita 95. Zigawe kwa nukta 1920, kila nukta inapata nusu milimita. Jicho zima la kawaida, likishapita umbali wa mita 1.7 hivi, haliwezi tena kuitenganisha nukta ya ukubwa huo na jirani yake. Kwangu kutoka sofani hadi ukutani ni mita 3. Hizo nukta milioni 6 za ziada nitazilipia na sitaziona.

Halafu picha yenyewe inatoka wapi? Ving'amuzi vingi vya majumbani havitoi zaidi ya 1080, na chaneli kibao ziko chini ya hapo. Runinga ya 4K inabidi iivute picha hiyo ijae kioo, na ile ya bei nafuu huivuta vibaya: nyasi za uwanja zinageuka uji.

Lakini kilichonigusa zaidi ni pembe. Niliomba runinga zote mbili ziwekewe mechi ileile, nikasogea pembeni mpaka karibu na mlango wa duka. Ile ya 4K jezi nyekundu zikafifia, weusi ukawa kijivu. Ile ya Full HD ilibaki vilevile. Ya kwanza ina kioo cha VA, ya pili IPS, aina mbili tofauti za vioo vya runinga. Siku ya Simba na Yanga kwangu watu hukaa mikekani, kwenye mikono ya sofa, wengine wanasimama mlangoni. Anayekaa katikati ni mmoja tu!

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hesabu zako ni sahihi ila umeruka jambo. Siku hizi kwenye inchi 43 watengenezaji wengi wamehamishia nguvu kwenye 4K. Full HD inayobaki mara nyingi ndiyo inayopewa prosesa dhaifu na memori ndogo. Miaka mitatu mbele, YouTube itaanza kukwama na masasisho hayaji.

Na huo IPS unaousifia, zima taa usiku uweke filamu ya giza. Weusi wake ni kama moshi. Kioo cha IPS kwa kawaida hutofautisha mwanga na giza kwa takriban 1000 kwa 1, VA hufika 3000 na zaidi. Sisi tunaotazama wawili usiku, watoto wakiwa wamelala, tukusikilize wewe wa mikekani?

Mchangiaji wa pili

Niongezee bando. Netflix kwa 4K inataka kasi ya Mbps 15 na inaweza kula GB 7 kwa saa. Kwa HD ya kawaida haizidi GB 3. Anayetumia intaneti ya simu afikirie hilo kabla ya kusifia kioo.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa kwanza, la weusi nakubali bila ubishi. Anayetazama usiku, mbele ya kioo, achukue VA. Mimi natazama saa 10 jioni dirisha likiwa wazi.

La programu kuzeeka pia ni kweli, ila kijisanduku cha intaneti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya runinga kinalitatua kwa fedha kidogo. Kioo kisichoonekana pembeni hakina dawa, utaishi nacho mpaka kife.

Jumamosi narudi na flashi yangu yenye kipande cha mechi niliyoirekodi kwenye king'amuzi, si ile video ya maua na samaki wa rangi wanayoweka dukani. Nitamwomba muuzaji aitoe kwenye mpangilio wa duka, maana ule huongeza mwanga na rangi kupita kiasi. Kama kuna mwenye 4K ya inchi 43 anayekaa mita 3 na ameona tofauti kwenye mpira wa king'amuzi, aseme kabla ya hapo. Aseme na kioo chake ni cha aina gani.